Picha ya Maji ya Kunawa

Kosa langu kubwa katika kazi ya picha nililifanya mapema, mwaka wa pili tu tangu nifungue studio Malindi. Nilichukua picha niliyoahidi kwamba haitatoka nje ya nyumba ya watu, nikaitundika kwenye kasha la kioo mbele ya duka langu, mahali ambapo kila aliyetoka sokoni alipita. Ilikaa siku nne. Siku mbili za kwanza zilitosha.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii kwa sababu majuzi wawili wenu walikuja nyumbani, kijana mmoja na binti mmoja, kamera mabegani, wakaniuliza kama ninazo picha za zamani za wanawake wanaopendana na kuishi pamoja kama mke na mume hapa kwetu pwani. Kuna mtu aliwaambia kwamba mimi niliwahi kuzipiga. Ni kweli. Katika miaka ya themanini nilipiga kwa karibu mwaka mzima: nyumba moja, wanawake wawili, wakipika, wakifua, wakisukana, wakigombana kwa ajili ya chumvi. Niliwajibu vijana wale kwamba sina hata moja. Waliondoka wakidhani nawaficha. Acheni niwaeleze zilikokwenda.

Mimi si mtu wa pwani. Nilitoka Kitui nikiwa na kamera ya mkono wa pili na woga wa kila kitu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma maandishi madogo ya ile karatasi iliyokuja ndani ya boksi la filamu, na yale nisiyoyaelewa nikayajua kwa kuharibu. Niliharibu mengi. Maji ya visima vya Malindi yana chumvi. Ukioshea filamu huacha madoa meupe kama mtu aliyepigwa picha kwenye theluji. Nilihangaika miezi mitatu nikibadilisha dawa, kumbe dawa haikuwa na kosa. Nikaanza kukinga maji ya mvua. Joto nalo: dawa ikipata moto, filamu hulainika ikavimba, ukiigusa inabanduka kama ngozi ya maziwa. Nilikuwa nanunua barafu kwa wauza samaki, na kwa muda fulani picha zangu zote zilinuka samaki changu. Lenzi huota ukungu kwa unyevu wa bahari. Ifungeni na mchele uliokaangwa mkavu ndani ya kitambaa. Hilo hata leo linafaa.

Ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa kutoridhika. Picha moja niliisafisha mara kumi na mbili, na ya kumi na mbili nikaona haifai. Bwana harusi mmoja alipata picha za harusi yake mkewe ana mimba ya miezi mitano. Alinitazama, akamtazama mkewe, akaniambia, "Fundi, kumbe mwenzako nilikuwa na haraka."

Niliishi chumba cha nyuma ya studio, peke yangu. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, nikatoka kabla ya watu kuanza kusalimiana. Nilikula hotelini, ile meza ya ukutani. Kuna siku nilifunga duka jioni nikagundua kwamba maneno pekee niliyoyasema tangu asubuhi ni "usipepese macho." Wala sikuwa na ugomvi na mtu. Hakukuwa na mtu wa kugombana naye.

Aliyenijali kidogo ni Mzee Awadhi, mpiga picha wa zamani kuliko wote mjini, mwenye studio yake mtaa wa pili. Hakunifundisha chochote. Kila Ijumaa alipotoka msikitini alipita mbele ya kasha langu la kioo, akasimama, akatazama, akasema neno moja. "Imekaza." "Imelala." Mara moja alisema, "Hii imekufa, izikeni," akaenda zake. Kwetu wapiga picha, kasha lile ndilo lilikuwa mtihani. Unaweka kazi yako bora, mji unakuona. Wiki yangu nzima ilielekea Ijumaa, kwa neno moja la mzee yule. Sikuwahi kupata neno zuri.

Sasa niwaambie kuhusu Kadzo.

Alikuja studio na sare ya hoteli moja ya watalii, alikofanya kazi ya kufua na kupiga pasi. Alitaka picha ndogo ya kitambulisho. Alikuwa Mgiriama wa kuelekea Ganze, miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Nilipomaliza hakuinuka.

"Kaka, wewe huenda majumbani?"

"Kwenye harusi, na maziko."

"Sisi hatuna harusi, na hakuna aliyekufa. Nataka picha ya kwetu, tumekaa tu."

"Mmekaa nani?"

"Mimi na mwenzangu." Akanyoosha shingo aone kama ninamsikiliza. "Wageni pale hotelini wanapiga picha kila kitu. Wa chumba cha kumi na nne leo kapiga picha yai. Yai, kaka! Lilikuwa limechemshwa tu. Mimi nina miaka sita katika nyumba yangu, sina hata picha ya sufuria."

Nyumba ilikuwa mtaa wa Barani, hapo hapo Malindi, na haikuwa yake. Ilikuwa nyumba ya ukoo wa mwenzake, Bi Zuhura, Mswahili wa Takaungu. Shangazi yake alipofariki aliachiwa akae humo. Bi Zuhura alikuwa amekaribia arobaini. Aliwahi kuolewa akaachika, na sasa alishona kofia za viua kwa ajili ya duka moja la mjini, tundu ndogo ndogo mamia kwa mamia, sindano haitulii. Ndugu zake walijua kwamba Kadzo ni mpangaji.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nilisema mlangoni.

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Joseph."

"Yusufu. Ingia, Yusufu. Vua viatu." Kisha kabla sijakaa: "Sikiza. Huyu ndiye anayetaka picha, si mimi. Picha zije humu, zikae humu. Zisivuke mlango. Unaahidi?"

"Naahidi."

"Sema wallahi."

"Mimi Mkristo, Bi Zuhura."

"Basi sema hicho mnachosema huko kwenu bara."

Kadzo alicheka huko jikoni. "Mwambie aape kwa kamera! Humwoni anavyoikumbatia?"

Nikaapa, mkono juu ya kamera. Tulicheka wote watatu, lakini Bi Zuhura aliacha kucheka kwanza, akawa ananitazama mpaka nilipoondoa mkono.

Picha za mwanzo zilikuwa mbaya. Nilifanya nilichojua: nikawaweka kitini, nikasogeza jagi, nikaondoa kanga zilizoanikwa, nikafuta vumbi la meza kwa leso yangu mwenyewe. "Unanipanga kama vikombe kabatini," alisema Bi Zuhura. Nilipowapelekea, Kadzo alizigeuza geuza. "Hawa ni akina nani?" akauliza. Hakuwa anatania.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo karatasi ya ndani ya boksi haikuliandika. Nendeni bila haraka. Kaeni. Kuleni mnachopewa. Wekeni kamera mezani ionekane, iwe kama kikombe kingine, mpaka watu waache kuiangalia. Msisogeze kitu. Kama kuna ndoo katikati, ndoo ile ina sababu yake. Nikawa nakwenda kila Jumatatu, siku ya mapumziko ya Kadzo, kabla ya chakula cha mchana. Baada ya mwezi walinisahau, na picha zikaanza kupumua: Bi Zuhura akitia uzi kwenye sindano, ncha ya ulimi nje. Kadzo akipiga pasi siku yake ya mapumziko, kwa sababu, alisema, nguo ikimtazama na makunyanzi hana amani. Kadzo amevaa kofia mpya ya kiua akijifanya shehe, na Bi Zuhura akimkemea kwa dhambi hiyo huku akishindwa kuzuia kicheko.

Jumatatu moja Kadzo alinifuata uani.

"Umeona kitanda ni kimoja."

"Nimeona."

"Hujauliza."

"Si kazi yangu kuuliza."

"Si kazi yako, lakini ujue. Sipendi mtu anipige picha ya kitu asichokijua. Huyu kwangu ni kama wewe ukipata mke. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Utarudi Jumatatu?"

"Mnapika nini?"

Akanipiga begani kwa mpini wa mwiko, akarudi ndani.

Nitawaambia ukweli. Neno la kuwaita nililijua. Mtaani lilikuwa tusi: msagaji, hulitupa mtu akishakosa lingine. Na kanisani nilikuwa nimefundishwa hivi na vile. Nilikaa na jambo hilo Jumapili mbili, nikiligeuza kichwani pale benchi la mwisho. Kisha nikaliacha, na sikuliacha kwa ujasiri, niliacha kwa njaa. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku pekee niliyokula na watu.

Sasa picha yenyewe.

Mnajua desturi ya hapa. Chakula kikiwa tayari, mke huleta beseni na birika, akammiminia mumewe maji anawe mikono kabla ya kula. Mimi wa Kitui niliiona kwao kama adabu ya wenyeji tu. Katika nyumba ile walifanya kwa zamu. Jumatatu hii Bi Zuhura anamnawisha Kadzo, Jumatatu ijayo Kadzo anamnawisha Bi Zuhura. "Leo mume nani?" Kadzo aliuliza kila mara, na mmoja akaketi kitini kwa maringo, miguu mbele, mikono imenyooshwa, na mwingine akapiga magoti na birika. Walikuwa wamelifanya miaka sita na bado liliwachekesha.

Mimi niliona maji. Mlango wa uani ulileta mwanga wa pembeni, na maji yale yakitoka kwenye mdomo wa birika yaliwaka. Nikataka yawe kama uzi wa kioo, kila tone wazi. Nikiweka kasi ya kamera juu mno, maji yakaganda kama kamba. Nikapunguza, yakawa moshi. Nilimaliza filamu tatu kwa maji peke yake. "Yusufu," alisema Bi Zuhura, "mikono ya huyu imetakata mpaka imekonda. Wali unapoa."

Kisha siku moja ikaja. Kadzo alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa kikoi na shati la kiume, kama alivyopenda kuvaa nyumbani. Bi Zuhura alikuwa amepiga magoti, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa nusu. Akamimina, akainua uso kumtazama Kadzo kwa sababu Kadzo alikuwa amesema upuuzi fulani, na maji yakashuka kati yao kama nilivyoyaota. Nilibonyeza mara moja. Nilijua kabla ya kufika chumba cha giza.

Niliwapelekea nakala. Kadzo aliipeleka mlangoni penye mwanga. Bi Zuhura aliitazama kwa muda mrefu, akaifunika na kipande cha kitambaa, akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine, chini ya kitanda.

Negativu, ile filamu yenyewe ya kutolea nakala, ilibaki kwangu. Nikatengeneza nakala nyingine, kubwa. Nilijiambia ni ya kujaribu karatasi mpya. Kwa wiki mbili niliitoa kila siku, nikaitazama chini ya taa nyekundu, nikairudisha. Nilikuwa nimefanya kitu kizuri, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, njoo uone. Nilianza kujishawishi. Bi Zuhura hatoki, akitoka haji upande huu. Kadzo hupitia njia ya hotelini. Picha haina majina. Na ahadi ile, nikasema, ilikuwa ya nakala zao. Hii ni yangu.

Alhamisi jioni niliitundika katikati ya kasha. Ijumaa Mzee Awadhi akatoka msikitini.

Alisimama. Hakusema neno. Alikaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaingia dukani.

"Itoe."

"Ina kosa gani, mzee?"

"Haina kosa. Itoe."

"Kama haina kosa—"

"Kioo ni cha waliovaa kwa ajili ya kioo," alisema. "Hawa hawakukuvalia wewe, wala mimi, wala wapita njia. Itoe sasa hivi, mwanangu." Akatoka.

Mnajua nilifanya nini? Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaikagua picha kutoka pembe hadi pembe nikitafuta doa. Nilidhani mzee ameona tone lililofifia, kivuli kilichozidi, akaniachia nilitafute mwenyewe. Sikulipata. Basi nikaamua ana kijicho. Mzee aliyeishiwa, nikasema, amemwona kijana anampita. Nikaiacha pale pale. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Jumatatu nilikwenda Barani kama kawaida, na kilo moja ya sukari mkononi. Mtu mzima mmoja wa makamo, kanzu safi, alikuwa amekaa kwenye baraza ya mlangoni. Ndani palikuwa kimya. Pembeni ya mguu wake palikuwa na mfuko wa nguo uliofungwa kwa kamba, na juu yake viatu vya kazi vya Kadzo.

"Shikamoo."

"Wewe ndiye fundi wa picha." Hakuitikia salamu. Alikuwa Bwana Salim, kaka mkubwa wa Bi Zuhura, aliyeleta nazi soko la Malindi kila Jumamosi.

Nilielewa mara moja: Jumamosi alipita mbele ya kasha langu. Nikasema uongo, tena uongo mrefu. Nikamwambia ni mimi niliyewapanga vile. Ilikuwa ya kadi za watalii. Watalii wanapenda mambo ya desturi, sikupata mwanamume wa kukaa kitini, nikamwomba mpangaji avae kikoi. Ni mchezo tu, mzee. Kosa ni langu, mwenyewe dada yako alikataa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alitaka kuniamini. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Hata kama uliwapanga," alisema, "wamepangika vizuri mno."

Niliiweka sukari kwenye baraza.

"Miaka sita naleta nazi nyumba hii. Nakaa hapa, nakula, namwambia yule, ahsante mpangaji, unamsaidia dada yangu. Wananitazama. Na wewe mtu wa bara umejua kabla yangu. Sasa umejua na muuza ndizi." Aliugusa ule mfuko kwa mguu. "Kabla ya alasiri yule mwanamke aondoke. Zuhura narudi naye Takaungu. Akikataa, nyumba hii si yake, na sisi si wake."

Sauti ya Bi Zuhura ilitoka ndani, ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Kaka, mwache aende. Hana alijualo."

Mpaka leo sijui kama alinitetea au alinihukumu.

Kadzo alipita studio alasiri hiyo hiyo akielekea stendi, mfuko kichwani. Alisimama mbele ya kasha.

"Fungua."

Nilifungua. Nilijaribu kuomba msamaha, akainua kidole ninyamaze. Akaishika picha kwa ncha za vidole, kama nilivyowafundisha.

"Siku hii ilikuwa zamu yake," alisema. "Jumatatu iliyofuata nilipiga magoti mimi. Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Mbona hukuweka ile? Au zote mbili? Watu wangeona tunachezeana. Sasa wameona mimi ni bwana na yeye ni mtumwa wangu."

Nilisema ukweli, kwa kuwa sikuwa na uongo uliobaki. "Katika ile maji hayakuonekana vizuri."

Aliniangalia kama mtu anayesubiri niendelee. Akaikunja ile picha mara mbili, karatasi ikavunjika katikati, akaitia kifuani, akaenda.

Miezi iliyofuata sitaki kuieleza sana. Jumatatu nilifunga duka nikalala. Mzee Awadhi alipita Ijumaa, kasha tupu, akasita kidogo, akaendelea na safari. Niliwahi kwenda hadi Takaungu nikazunguka vichochoro vyake, nikapita mbele ya nyumba ya Bwana Salim mara mbili na sikuthubutu kubisha. Ningesema nini? Nikarudi.

Karibu mwaka ulipita. Siku moja mfanyakazi mwenzake Kadzo wa zamani aliniletea maneno: Bi Zuhura ameondoka Takaungu, hakumuaga mtu, amechukua sindano zake na nguo mbili. Wako pamoja Mtwapa. Na wanataka negativu. Zote.

Nilizipanga kwenye bahasha, ukanda kwa ukanda, kwa tarehe. Na hapa niungame la mwisho. Ule ukanda wa maji niliukata fremu moja, nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Nilijiambia nitaamua njiani.

Mtwapa walikuwa wamepanga chumba kwenye safu ya vyumba vinane, ukuta mmoja na baa iliyopiga muziki tangu mchana. Majirani walikuwa watu wa kila mahali, Wakamba wenzangu pia, na hakuna aliyeuliza nani anaishi na nani. Kofia za viua zilikuwa zimeanikwa dirishani. Bi Zuhura alitoka akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Hakusema karibu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umeleta zote?"

"Zote."

Alichukua bahasha, akatoa ukanda mmoja mmoja, akauinua juani. Alizipitia zote, mimi nimesimama. Kwenye mmoja alicheka kidogo puani, nadhani ule wa shehe. Kisha akanyoosha mkono.

"Ya maji iko wapi?"

Niliitoa mfukoni. Ilikuwa na jasho langu. Aliipokea, akaipangusa kwa ncha ya kanga, polepole, hata mimi fundi nisingeipangusa vizuri zaidi.

"Yusufu. Ulipoiweka kwenye kioo, ulikuwa unamwonyesha nani?"

"Mzee Awadhi. Mpiga picha."

"Akafurahi?"

"Alisema niitoe."

"Basi yeye ndiye fundi," alisema, akaingia ndani.

Kadzo alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza kuhusu mvua za Malindi. Nilimwuliza kuhusu kazi. Alikuwa anafulia nyumba ya wageni, si mbaya. Bwana Salim hajaja, akasema, na hatakuja, na Zuhura husikiliza kila mtu wa Takaungu anapopita, labda ana salamu.

"Ningependa kuja siku moja," nilisema. "Bila kamera."

Alifikiria kweli kweli. "Usije, kaka. Si kwa chuki. Ukikaa pale, tutaanza kuangalia tunavyokaa."

Sikwenda. Sikuwaona tena. Sijui kama negativu zile waliziweka kwenye kopo lingine au walizichoma jioni ile ile, na sikustahili kujua. Nyinyi mnaozitafuta mna haki ya kusikitika, kwa kuwa walikuwepo, waliishi, na walipendeza kutazama. Lakini yaliyobaki ni haya niliyoandika.

Mzee Awadhi nilimwendea baadaye nikamwomba radhi kwa kumdhania kijicho. Alisema alikuwa nacho pia.

Studio niliiendesha miaka mingine mingi, mpaka macho yalipochoka. Kilichobadilika ni hiki. Mtu alipokaa kitini, kabla sijaigusa kamera nilimwuliza mambo mawili: picha hii nani aione, na nani asiione. Wengi walishangazwa na swali la pili, wakacheka, wakasema aione yeyote. Wachache hawakushangaa. Walinitajia jina, kwa sauti ndogo, nami nikaliandika nyuma ya bahasha, na baada ya hapo mabega yao yakashuka.